Usiifute Ile Diski, Wajina

Kondele, Kisumu
Jumapili jioni

Wajina wangu mpendwa,

Salamu kutoka huku ziwani. Mimi na mama watoto hatujambo, na kifungua mimba wetu ameanza kutambaa, kwa hiyo waya zote za karakana sasa nazitundika juu. Mama yako nisalimie sana.

Ujumbe wako wa juzi niliusoma mara mbili. Unasema umempata mtu wa kuinunua ile kompyuta ya banda letu la gemu huko Kaptembwo, Nakuru, naye anaitaka ikiwa tupu. Kuiuza, iuze. Diski usiifute kwanza, tafadhali. Nipe nafasi nikueleze.

Wiki iliyopita kijana wa kidato cha tatu aliniletea laptopu iliyopasuka skrini. Nilipomaliza kuibadilisha nikamwambia aijaribu mwenyewe. Unajua alifungua nini? PES 6! Gemu ya mpira ya mwaka 2006, iliyotoka hata yeye hajazaliwa. Lakini wachezaji ni wa msimu huu, jezi ni za msimu huu. Konami, walioitengeneza, waliacha kuishughulikia zamani sana. Yote hayo yameshonwa na wapenzi wa gemu wenyewe, kiraka juu ya kiraka, msimu baada ya msimu. Nikamuuliza mbona hachezi mpya. Akanijibu kwamba laptopu yake haiwezi kuibeba, na bando la kuipakua hana. Nilikaa kimya, nikakumbuka kwamba sisi pia tulianzia hapo hapo.

Unaikumbuka siku tuliyoifungua gemu hiyo mara ya kwanza? Shabiki wa Liverpool alidai arudishiwe shilingi zake kumi kwa sababu timu yake iliandikwa "Merseyside Red". Wa Chelsea naye akakuta "London FC". Konami hawakuwa na haki ya kutumia majina yenyewe, na sisi ndio tuliolaumiwa. Usiku huo ulikaa kwenye kibodi mpaka saa nane, ukibadilisha jina moja baada ya jingine. Baadaye tukaipata Kitserver, programu ndogo ya kubadilisha jezi, na hadi leo nikiifikiria naona ni kazi ya fundi hodari. Jezi zote zilifungiwa ndani ya faili moja kubwa, 0_text.afs, na ukiligusa vibaya gemu haifunguki tena. Kitserver haikuligusa hata kidogo. Ilikaa mlangoni ikingoja: gemu ikiitisha jezi, inakabidhiwa ile iliyo kwenye folda yetu badala ya ya zamani. Ndiyo maana tuliweza kuzichukua timu mbili za Uholanzi ambazo hakuna aliyekuwa akizichagua, moja tukaivika kijani cha Gor Mahia, ya pili buluu na nyeupe ya AFC Leopards, bila kuharibu chochote. Foleni ya jioni hiyo ilifika kwa mama wa mahindi.

Na nganya yetu, wajina, ile matatu ya grafiti tuliyoiingiza kwenye gemu! Ile naipenda kuliko zote. Ndani ya GTA San Andreas, ile gemu ya magari na mitaa, kila gari lina mafaili mawili: la dff ndilo bodi, la txd ndiyo rangi. Bodi tuliipata kwa mtu mwingine. Rangi ilikuwa yako. Ulizichora grafiti kwanza kwenye daftari la hesabu, ndipo ukaanza kuzihamisha kwenye kompyuta. Tatizo lilikuwa mwendo. Mara ya kwanza matatu iliruka ilipogonga tuta, ikatua kwa paa. Ukafungua handling.cfg, faili la maandishi matupu lenye safu za namba, kila gari na mstari wake: uzito, kasi, breki, springi. Ulibadilisha namba moja, ukajaribu, ukarudi, ukabadilisha nyingine, siku tatu nzima, mpaka ikawa inayumba kama matatu iliyojaza ikikata kona. Kisha yule makanga wa steji akaja, akaitazama kwa muda mrefu, akasema mlango uko upande usio wake. Sisi wote tulikuwa hatujaona. Gemu ni ya Marekani, dereva anakaa kushoto, abiria wanapandia kulia. Siku hiyo nilielewa kwamba waliotengeneza gemu hawawezi kujua kila kitu kinachotakiwa ndani yake. Hakuna ofisi ya ng'ambo ambayo ingemwuliza makanga wa Nakuru mlango ukae wapi. Ilibidi tuwe sisi.

Wewe ulikuwa ukisema huu ni mchezo wa watoto, na kwenye ujumbe wako umerudia: "takataka za zamani." Siyo takataka. Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, ilianza hivyo hivyo. Vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliijenga juu ya Half-Life, gemu ya kampuni ya Valve, mwaka 1999 na kuigawa bure, mpaka Valve wenyewe wakaichukua, wakawaajiri. Arma 2, gemu ya kijeshi, ilikuwa na miaka mitatu sokoni Dean Hall alipotoa modi ya DayZ (modi ni mabadiliko yanayopachikwa juu ya gemu, kama yale yetu) mwaka 2012, na watu wakaanza kuinunua upya gemu iliyokwisha kusahauliwa, kwa sababu bila gemu yenyewe, modi haiendeshwi. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Bloodlines, gemu ya mavampaya. Ilitoka mwaka 2004 ikiwa na kasoro nyingi, na mwanzoni mwa 2005 kampuni iliyoitengeneza, Troika, ikafunga milango. Nani angeirekebisha? Wachezaji wameirekebisha kwa miaka na miaka, bila mshahara, na bado watu wanaicheza. Mwenye duka ameshaondoka lakini taa zinawaka.

Kuhusu pesa, najua ungeniuliza. Mwaka 2015 modi za gemu ya Skyrim ziliwekwa sokoni kwa bei, aliyetengeneza akipewa asilimia 25. Watu walikasirika, na baada ya siku chache mpango ukaondolewa. Mimi ni fundi, naamini fundi alipwe, na asilimia 25 ni kidogo mno. Ila modi moja huwa imeazima kutoka kwa nyingine tatu, kama bodi ya nganya yetu. Ukianza kutoza, lazima ujue kila mkono uliopita humo.

Na hapa ndipo kuna jambo linaloniuma. Ile bodi ilikuja na faili dogo la maandishi lenye jina la aliyeichonga, na ombi moja tu: mkiigawa, jina langu libaki. Tulilifuta. Tukaweka jina la banda letu, tukainakilia flashi za watu pale mtaani, na kila aliyeichukua aliamini ni kazi yetu yote. Nimejaribu kulikumbuka jina hilo nimeshindwa. Nina hakika folda ya kwanza kabisa, ile tuliyoipakua kabla hatujaifungua, bado imo kwenye diski hiyo, kwa sababu wewe hukuwa ukifuta kitu.

Basi fanya hivi. Itoe diski nzima ndani ya kompyuta, umwekee mnunuzi nyingine. Nimekutumia pesa yake kwa M-Pesa leo asubuhi. Ifunge kwa nguo laini, uitie kwenye kiboksi, umpe dereva wa matatu za Kisumu asubuhi mapema, unitumie namba ya gari. Nitaingojea steji mwenyewe. Yule kijana wa PES 6 nimemwambia habari za nganya, na sasa kila akitoka shule anapita hapa kuuliza kama imefika. Anataka kuuhamisha mlango. Nimemwambia tutaanza na lile faili la jina.

Wako,
Wajina wa Kondele