Mlete tu, ila kwanza nikwambie ligi yetu ilivyo

Kapteni wangu,

Habari za Songea na hilo baridi lenu. Huku joto kama kawaida. Voisi zako nimezisikiliza ndani ya daladala ya Tandika tena kwa sauti ya juu, maana spika ya sikioni ya simu yangu ilishakufa, kwa hiyo ujue kesi ya mdogo wako imesikilizwa na gari zima, na mama mmoja wa siti ya nyuma akauliza kabisa huyo binti anacheza namba ngapi. Nikamwambia namba saba, ana mbio. Akasema si mumlete. Basi kura moja unayo.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu tukipigiana tutaishia kucheka na kuwasema watu. Umeniuliza ligi ya mpira wa miguu ya wanawake ya mkoa huku Dar ikoje na kama mtoto atapata riziki humo. Mimi nasema aje, ila aje akijua anakuja kwenye nini, maana naona yeye anaijua ile ya kwenye tivii.

Ile ya kwenye tivii imekua kweli, hatubishi. Ligi Kuu ya Wanawake imeanza 2016, sisi tayari magoti yanalia, Mlandizi Queens wakabeba ile ya kwanza na kuanzia 2018 mpaka 2025 kombe likawa la JKT Queens na Simba Queens tu, huyu akiacha yule anachukua. Afu ule mwaka 2022 si unaukumbuka, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya mabinti chini ya miaka 17, wako India wanampiga Mfaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo, Colombia ndo akawatoa, hazijapita wiki nyingi Simba Queens nao wako Morocco wanamaliza wa nne kwenye ligi ya mabingwa ya Afrika. Twiga Stars, timu ya taifa ya wakubwa, wakarudi WAFCON, yaani kombe la mataifa ya Afrika la wanawake, Julai 2025 baada ya kukaa nje tangu 2010, wakatoka droo ya 1-1 na Afrika Kusini, goli la Opa Clement. Mtoto akiangalia hayo yote lazima ajione anapanda ndege.

Ila kutoka huku kwetu mpaka Chamazi kwenye uwanja wa ligi kuu ni mbali kuliko nauli inavyosema. Huku chini mechi ni saa kumi kwenye kiwanja cha mchanga, vyumba vya kubadilishia hakuna, watoto wanashikiana khanga mduara mmoja anaingia katikati anavaa jezi, akitoka anaingia mwingine, na wale vijana wa bodaboda wamepaki pale pale wanatoa maoni. Maji ya kunywa tunachangishana. Kuna siku mechi imesimama kwa sababu mpira umeingia kwenye nyumba ya watu na mwenye nyumba kaenda msibani. Bingwa wa mkoa ndo anakwenda kugombania kupanda na mabingwa wa mikoa mingine, kwa hiyo nafasi ni finyu na kila timu inajua hivyo, na hapo ndipo vituko vinapoanzia.

Watu wanasema hawa mabinti hawana nidhamu, fea plei hakuna, wanapigana, wanamtukana refa. Mi niko nao kila wiki, nakaa benchi na begi la barafu na bandeji, na nakwambia mabinti hawana shida. Shida ni sisi tuliokaa pembeni. Makocha, viongozi, mashabiki, hata wazazi wengine.

Ngoja nikupe mfano mmoja utaelewa. Tulikuwa na mechi na timu moja ya Kigamboni. Muda umefika, wao wako sita, waliowahi kuvuka wakapanda bodaboda, wengine wamekwama feri. Sheria unaijua, timu haianzi na watu pungufu ya saba. Kocha wetu alivyoona sita akachangamka ghafla, kila dakika anaangalia saa, anamsogelea kamisaa, yule msimamizi wa mechi, mzee kanuni inasemaje hapo, muda wa kusubiri si unaisha huo. Anataka pointi tatu na magoli matatu ya mezani, na kweli zingetupeleka kileleni. Sasa kapteni wetu, katoto kamemaliza form four juzi juzi, asubuhi anachoma chapati na mama yake, akatoka kwenye mduara wa kupasha akaenda moja kwa moja kwa kamisaa akasema, "Sisi tunasubiri. Hatujatoa nauli zetu kuja kupiga picha." Kamisaa akamwangalia kocha, kocha akajifanya anafunga kamba za viatu, amevaa ndala.

Basi wakaja. Yaani ungewaona, wanakimbia kutoka kituoni viatu mkononi, mmoja bado kavaa yunifomu ya kazini ya supamaketi, wakaingia hivyo hivyo bila kupasha. Na wakatupiga 2-1! Goli la pili kalifunga yule yule wa supamaketi, akaanza kushangilia mikono juu akakutana uso kwa uso na kapteni wetu, akashusha mikono.

Nilidhani tutarudi nyumbani tumenuna tu yaishe. Ah wapi. Jioni kwenye grupu la WhatsApp la timu moto uliwaka, kiongozi mmoja akaandika hatuwezi kulea watoto wanaogawa pointi, kocha akamvua mtoto kitambaa cha ukapteni na kumpa mwingine, na huyo mwingine akakikataa kwa hiyo mechi iliyofuata tukaingia na kapteni wa kulazimishwa. Mi niliandika pale pale, kama mnataka pointi bila mpira nendeni mkacheze bao. Nikatolewa kwenye grupu, nikarudishwa kesho yake walipotaka barafu.

Lakini nikuambie na upande wa pili, si unajua sipendi kutetea vitu nusu. Hao wa Kigamboni nao waache uzembe, feri haijaanza leo, ukijua unavuka maji ondoka mapema. Na mzunguko wa pili tulivyokwenda kwao, beki wetu kasahau leseni yake ya uchezaji nyumbani, meneja wao anamjua kabisa yule beki, walikaa wote siku ile wanagawana maji, ila akakataa asiguse uwanja. Watu wetu wakalalamika sana, ohoo sisi tuliwasubiri hawana fadhila hawa. Mi nikawaambia hapana, kusubiri ni hisani, leseni sio hisani. Leseni ipo kwa sababu ya mamluki, na mamluki ndo ugonjwa mkubwa wa hizi ligi za chini. Mtu anacheza daraja la juu huko, wikiendi hana mechi, anashushwa huku na jina la binti mwingine kupiga magoli matano halafu anasepa na buku ishirini, na yule binti mwenye jina lake kakaa jukwaani anaangalia jina lake linafunga. Hapo unamwambia nini kuhusu kujituma mazoezini?

Kingine kinachoniudhi mpaka natamani kurudi golini ni hizi kelele za "huyo dume huyo". Mtoto akiwa na kifua, au sauti nzito, au ana nguvu tu za kumzidi beki, basi jukwaa zima linaanza, akaguliwe huyo. Na wanaoanzisha sio watoto wa mtaani peke yao, ni benchi la wapinzani, watu wazima wana funguo za gari mkononi. Wanajua wanachofanya, wanataka atoke mchezoni. Kuna straika wetu mmoja alifunga mawili kipindi cha kwanza, mapumziko akaniomba jaketi avae juu ya jezi, kwenye joto lile, nikamwambia mwanangu huwezi kuchezea jaketi, akalia. Kipindi cha pili hakukimbia kabisa, akawa anatembea tu. Kama una pingamizi na mchezaji zipo njia zake, unaandika unapeleka, sio kupiga kelele mbele ya mama yake.

Sasa linganisha na wenyewe uwanjani. Mmoja akiumia wa upande wa pili anautoa mpira nje, afu wakirusha wanarudisha. Hiyo haimo hata kwenye sheria kumi na saba za mpira, hakuna refa anayekulazimisha, ni utu tu, na hawa mabinti wanafanya kila wiki bila kufundishwa. Unajua kinachofuata? Kocha anapiga kelele kutoka nje, "Usirudishe! Piga huko huko!" Mtoto anasimama na mpira miguuni haelewi amsikilize nani.

Kidogo nicheke sasa. Ile sheria mpya ya makipa umeiona? Kuanzia Julai 2025 golikipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane inapigwa kona. Na refa anahesabu zile tano za mwisho kwa vidole, mkono juu. Sasa mara ya kwanza imetokea kwetu refa kanyoosha mkono, kipa wetu akadhani anasalimiwa, na yeye akapunga. Kona! Mashabiki wakataka kuingia uwanjani, refa kala hela refa kala hela, kumbe refa ndo mtu pekee aliyesoma pale. Mimi enzi zangu unajua tukiwa tunaongoza mpira nikiudaka ni mali yangu, naulalia, namfunga kamba beki, namuuliza refa saa ngapi. Leo ningepigiwa kona mpaka nichoke. Na ni sawa tu, mpira uchezwe.

Marefa nao wanyonge sana. Binti wa watu kamaliza kozi, kaja na filimbi yake na kibegi, anachezesha mechi ya watu wanaomjua anapokaa. Akitoa penati dakika za mwisho nani anamsindikiza kituoni? Siku ile ya penati ya utata nilitoka naye mimi na mama mmoja muuza mihogo, tukampandisha gari ndo tukaondoka. Hilo wenye timu wanaweza kulifanya bila kusubiri mdhamini, kutenga watu wazima wawili wa kumtoa refa salama. Haligharimu hata mia.

Haya turudi kwa mdogo wako. Kwanza cheti cha kuzaliwa aje nacho orijino, na majina yafanane na ya cheti cha shule, herufi kwa herufi, maana kwenye usajili wanakamatia hapo hapo na pingamizi zikianza atakaa benchi msimu mzima. Pili asikubali kucheza kwa jina la mtu hata siku moja, hata waseme mechi moja tu, hata wampe hela, akikamatwa anafungiwa yeye na wale waliomtuma wanamkana. Hijabu yake asiwe na wasiwasi, kufunika kichwa kunaruhusiwa kwenye sheria tangu 2014, mradi kiwe cha kubana na kisicho na pini, akikutana na mtu anamsumbua aniite. Tatu, na hili mwambie wewe mwenyewe kama dada, kocha yeyote akimwambia njoo ghetto uchukue viatu, viatu avisamehe. Mimi nina pea mbili za njumu hapa, saba na nane, moja itamtosha. Na asije akadhani atalipwa, huku chini ni nauli ya kwendea mazoezi na siku nyingine hata hiyo hamna, kwa hiyo atafute na cha kufanya asubuhi. Yule mama wa kapteni wetu anatafuta msaidizi wa chapati, nimeshamuulizia.

Kapteni wetu karudishiwa kitambaa, nilisahau kukwambia. Sio kwamba kocha katubu, ni wachezaji waligoma kuingia uwanjani mpaka arudi, na siku hiyo tungepoteza sisi pointi za mezani. Nilicheka mpaka machozi.

Chumba kipo, nalala na mwanangu tu, tutabanana. Apande basi la asubuhi, ashukie stendi ya Magufuli pale Mbezi, asimpe mtu begi, asipande bodaboda, akae kwenye viti vya ndani anipigie nimfuate. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu, akifika Jumatatu itakuwa vizuri zaidi apumzike siku moja. Na we nitumie mahindi ya kuchoma ya huko, sio unga, mahindi yenyewe.

Wako yule yule,
Namba moja