Malalamiko kuhusu mnavyotangaza habari za Sarah Palin

Agosti 2011

Kwa Mhariri Mkuu na Mkuu wa Vipindi,

YAH: HABARI ZENU KUHUSU GAVANA WA ZAMANI WA ALASKA, SARAH PALIN

Ndugu Wahariri,

Sisi ni wasikilizaji wa matangazo yenu ya Kiswahili tunaoishi Marekani. Ni wahafidhina, na tunamuunga mkono Sarah Palin, aliyegombea umakamu wa rais kwa tiketi ya Republican mwaka 2008. Tunalitaja hilo mapema ili mjue mnazungumza na nani. Hatuwaombi mumpende wala mumpigie debe. Tunachodai ni kazi ya habari ifanywe inavyopaswa. Tangu watu waanze kubashiri kama atagombea urais mwaka 2012, mmekuwa mkitia mzaha, uvumi na kumbukumbu rasmi katika chungu kimoja, kisha mnapakua na kuita habari.

Tuanze na Urusi, kwa kuwa mnairudia kila anapotajwa. Msomaji wenu wa habari za jioni amesema tena kwamba Palin alidai anaiona Urusi akiwa nyumbani kwake. Hakusema hivyo. Maneno hayo ni ya mchekeshaji Tina Fey, aliyemwigiza kwenye televisheni tarehe 13 Septemba 2008. Siku mbili kabla ya hapo, katika mahojiano na mtangazaji Charles Gibson wa televisheni ya ABC, Palin alisema kwamba Urusi inaonekana kutoka kwenye kisiwa kimoja cha Alaska. Hilo ni kweli. Kisiwa cha Little Diomede ni cha Marekani, Big Diomede ni cha Urusi, na kati yao kuna maji ya takriban kilomita 4. Mtu anaweza kuhoji kama ujirani huo unampa gavana uzoefu wa mambo ya nje, na swali hilo ni halali kabisa. Lakini hamwezi kuuliza swali halali kwa kumtwisha mtu maneno ya mwigizaji. Kosa hili linatokea kwa sababu nyepesi: mwandishi hutafuta sentensi kwenye kumbukumbu yake badala ya kuitafuta kwenye nakala ya mahojiano. Dakika kumi za kusoma nakala hiyo zingetosha.

Lililotuuma zaidi ni Tucson. Tarehe 8 Januari 2011, huko Arizona, mtu mwenye bastola aliwaua watu sita na kumjeruhi vibaya Mbunge Gabrielle Giffords pamoja na wengine. Kabla polisi hawajasema lolote kuhusu kilichomsukuma, ramani ya kamati ya kisiasa ya Palin ilikuwa tayari imetajwa kwenye matangazo kama chanzo. Tunaijua ramani hiyo. Ilitolewa Machi 2010, ikionyesha majimbo 20 ya uchaguzi ambayo wahafidhina walitaka kuyanyakua baada ya Bunge la Marekani kuipigia kura sheria ya afya ya Rais Obama, na alama zake zilifanana na kilenga shabaha cha bunduki. Giffords mwenyewe, ambaye jimbo lake lilikuwa miongoni mwa hayo, aliilalamikia wakati ule. Anayesema alama zile hazikuwa za busara ana haki ya kusema hivyo, na miongoni mwetu wapo wanaokubaliana naye.

Ila kusema kwamba picha haikuwa ya busara ni jambo moja, na kusema kwamba picha iliua watu ni jambo jingine, tena zito mno. La pili linahitaji ushahidi kwamba muuaji aliiona ramani hiyo na ikamsukuma. Ushahidi huo haujapatikana. Kilichojulikana ni kwamba kinyongo chake dhidi ya Giffords kilianza mwaka 2007, alipohudhuria mkutano wa mbunge huyo na wananchi, yaani takriban miaka mitatu kabla ramani haijachorwa. Na tarehe 25 Mei mwaka huu, mahakama ya shirikisho iliamua kwamba kwa hali ya akili yake hawezi kusimama kizimbani kwa sasa. Habari hizo zote zilitangazwa na mashirika makubwa. Ninyi mlitumia siku kadhaa kuiunganisha ramani na damu, na uamuzi wa mahakama mkaupa sentensi mbili, bila kumtaja Palin kabisa. Msikilizaji aliyewasikia Januari bado anaamini alichosikia Januari. Nani atamweleza vinginevyo kama si ninyi?

Suala la kugombea nalo mmelivuruga, na hapa tatizo ni kutoijua sheria. Mmetangaza kwamba Palin tayari anafanya kampeni kinyume cha sheria kwa sababu ziara yake ya basi, iliyoanza Washington mwishoni mwa Mei, inagharamiwa na kamati yake ya kuchangisha fedha za kisiasa, SarahPAC. Sheria ya uchaguzi ya shirikisho inamtambua mtu kuwa mgombea anapokusanya au kutumia zaidi ya dola 5,000 kwa ajili ya kugombea. Akishavuka hapo ana siku 15 za kupeleka tamko la kugombea katika Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho. Anayepima upepo tu, yaani anayeangalia kama agombee au la, anaruhusiwa kusafiri, kukutana na watu na kulipia kura za maoni bila kuhesabiwa kuwa mgombea, mradi fedha anazopokea kwa kazi hiyo ziwe ndani ya viwango vya kisheria. Siku akiamua kugombea, gharama zile za kupima upepo huhesabiwa na lazima aziorodheshe kwenye ripoti. Mpaka hapo, kamati ya kisiasa kama SarahPAC inaweza kupokea hadi dola 5,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu mmoja, wakati mgombea urais, kwa uchaguzi wa 2012, anapokea si zaidi ya dola 2,500 kutoka kwa mtu huyo kwa kila uchaguzi.

Kwa hiyo swali ambalo mwandishi makini angeliuliza ni hili: je, fedha za SarahPAC zinatumika kwa shughuli za kamati, au kumwandalia njia mtu mmoja ya kwenda Ikulu? Ripoti za kamati zipo wazi kwa umma. Mngezifungua, mngesoma mstari wa usafiri, mngempigia wakili wa sheria za uchaguzi na kupata habari ya maana. Badala yake mliliita uhalifu jambo ambalo hakuna chombo chochote cha sheria kimeliita hivyo.

Na kama mnatafuta swali gumu la kumuuliza, lipo, na hatutalificha eti kwa sababu Palin ni mtu wetu. Tangu Januari 2010 Palin ni mchambuzi anayelipwa na Fox News. Machi mwaka huu kituo hicho kilisimamisha mikataba ya wanasiasa wa Republican Newt Gingrich na Rick Santorum kwa sababu walikuwa wakijiandaa kugombea, lakini wa Palin uliendelea. Anayeendelea kulipwa na televisheni huku akiwaacha watu wabashiri kuhusu urais anastahili kuulizwa. Hatujasikia mkiliuliza swali hilo hata mara moja. Tumesikia habari za mavazi yake, na ile hesabu ya dola 150,000 za nguo mwaka 2008, bila kuongeza kwamba nguo hizo zilinunuliwa na chama cha Republican. Hatukumbuki mwanasiasa mwanamume aliyepimwa kwenye matangazo yenu kwa koti lake.

Kuhusu kura za maoni, fundi wenu wa takwimu, kama mnaye, na asikilize. Mlisema uungwaji mkono wake umeporomoka kwa sababu asilimia yake ilipungua kwa pointi tatu kutoka kura moja hadi nyingine. Kura ya watu 1,000 ina kiwango cha makosa cha takriban pointi 3 juu au chini. Lakini swali la nani ateuliwe na Republican huulizwa kwa wapigakura wa Republican pekee, na katika watu 1,000 hao wanaweza kuwa 400 hivi. Kwa watu 400, kiwango cha makosa hupanda hadi karibu pointi 5 kwa anayekaribia nusu ya kura, na zaidi ya pointi 3 kwa mwenye asilimia 12 au 13. Mkilinganisha kura mbili, kiwango cha makosa cha tofauti yao huwa kikubwa kuliko cha kura moja, kwa hiyo pungufu ya pointi tatu inaweza isiwe pungufu hata kidogo. Kisha kuna kura zinazomjumuisha Palin katika orodha na nyingine zinazomwacha nje kwa kuwa hajatangaza. Hizo hazilinganishwi kamwe. Hata matokeo ya kura ya majaribio ya Republican huko Ames, Iowa, ya tarehe 13 mwezi huu, ambako Mbunge Michele Bachmann aliongoza, mliyasoma kama kipigo kwa Palin, wakati jina lake halikuwepo kwenye karatasi ya kura.

Kujiuzulu kwake mnakueleza kwa neno moja tu, kwamba alikimbia. Alitangaza tarehe 3 Julai 2009 na kuondoka tarehe 26 Julai, akimwachia naibu wake, Sean Parnell. Sheria ya maadili ya Alaska inamruhusu mtu yeyote kupeleka malalamiko dhidi ya gavana. Baada ya uchaguzi wa 2008 yalimiminika, mengi yakatupwa, na mawakili wa kumtetea alipaswa kuwalipa mwenyewe. Alitaja deni la zaidi ya dola 500,000. Katika suala moja alikubali kurejesha gharama za baadhi ya safari za watoto wake, na hilo tunalitaja kwa sababu ni kweli. Mtu anaweza kupima yote hayo na bado akaona kwamba gavana hapaswi kuacha kazi kabla ya muhula kwisha. Ila mpeni vitu vya kupima.

Na mpeni pia aliyoyafanya ofisini, maana kwa kuwasikiliza ninyi mtu angedhani mama huyu aliokotwa jukwaani. Alipokuwa katika tume ya mafuta na gesi ya Alaska alimshitaki kwa ukiukaji wa maadili mwenyekiti wa chama chake mwenyewe, Randy Ruedrich, ambaye baadaye alilipa faini ya dola 12,000. Agosti 2006 alimwangusha gavana aliyekuwa madarakani, Frank Murkowski, wa chama hichohicho. Mwaka 2007 alipitisha kodi mpya ya mafuta iliyoanzia asilimia 25 ya faida halisi na kupanda bei inapopanda, kampuni kubwa za mafuta zikapinga vikali. Mwaka 2008 wakazi walipata dola 1,200 kila mmoja juu ya gawio lao la kawaida. Wahafidhina wengine hawaipendi kodi hiyo. Sawa, huo ni mjadala wa watu wazima, na tungefurahi kuusikia kwenye kipindi chenu.

Juni ilitupa mifano miwili iliyofuatana. Akiwa Boston, Palin alisema Paul Revere, anayekumbukwa kwa kuwaonya Wamarekani kwamba askari wa Uingereza wanakuja, aliwaonya Waingereza. Sentensi yake ilikuwa imevurugika, hatubishi. Lakini mlicheka na kufunga habari, wakati Revere mwenyewe aliandika kwamba alipokamatwa usiku ule wa Aprili 1775 aliwaambia maofisa Waingereza kuwa Wamarekani 500 wangefika pale muda si mrefu. Siku chache baadaye, tarehe 10 Juni, serikali ya Alaska ilitoa kule Juneau, mji mkuu wa jimbo hilo, kurasa zaidi ya 24,000 za barua pepe zake, na magazeti makubwa yakaomba wasomaji wayasaidie kuzipekua. Mlituandaa kwa kashfa siku nzima. Kashfa haikuonekana, nanyi mkanyamaza. Kutokuonekana kwake nako kulikuwa habari.

Tunaomba yafuatayo. Masahihisho kuhusu Urusi na Tucson yasomwe katika taarifa ileile ya jioni, mwanzoni mwa kipindi, yakitaja kilichosemwa, kilicho kweli na tarehe ya kosa. Kuyatupia kwenye tovuti usiku wa manane hakutoshi, kwa sababu walioyasikia makosa hayo waliyasikia redioni. Habari ya basi irekebishwe kwenye tovuti kwa maelezo juu ya ukurasa, si kwa kufuta maneno kimyakimya. Kila kura ya maoni itajwe pamoja na idadi ya walioulizwa, ni wapigakura gani, siku walizoulizwa na kiwango cha makosa. Nukuu yoyote ya mwanasiasa, awe wetu au wa Barack Obama, isikilizwe kwenye sauti halisi kabla ya kusomwa. Na mchambuzi anapoletwa kumjadili Palin, mseme aliwahi kufanyia kazi chama gani. Akiletwa Mdemokrati, aletwe na mhafidhina, na wote wawili wapewe dakika sawa.

Palin amesema mwenyewe kwamba hajaamua. Huenda akagombea, huenda asigombee, na lolote kati ya hayo haliwapunguzii deni la kusahihisha mliyokwisha kuyasema.

Tunatarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14, likieleza mmekubali lipi na mmekataa lipi, na kwa nini. Tumeambatanisha orodha ya vipindi tunavyovilalamikia, siku na saa ya kila kimoja. Tafadhali msizifute rekodi zake mpaka mtakapotujibu.

Ni sisi wasikilizaji wenu,
Marekani