Kabla ya kuniuzia betri mpya, nipimie chaji kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba betri za pikipiki za siku hizi zote ni feki, unanunua na miezi mitatu haifiki imekufa. Feki zipo, hilo sibishi, lakini mi naendesha bodaboda hapa Morogoro na ninachokiona kijiweni ni kwamba betri nyingi zinauliwa na mafundi wetu na wauza spea wetu wenyewe afu lawama zote anatupiwa Mchina.

Angalia inavyokwenda. Dereva anabonyeza stata inalia tik tik tik basi, taa imefifia, honi inakoroma, anasukuma mpaka kwa fundi, fundi hata mita ya kupimia umeme hashiki, anaangalia tu kwa macho anasema "hiyo imekwisha kaka, tafuta nyingine". Inaletwa mpya, inafungwa, pikipiki inawaka kwa mpigo mmoja, watu wanapeana tano, baada ya wiki kadhaa jamaa yuko palepale anapiga kiki jasho linamtoka na abiria ameshapanda ya mwenzie. Na zile pikipiki mpya za injekshen, zinazoingiza mafuta kwa umeme badala ya kabureta, ndo kabisa, nyingi betri ikiisha hata kiki haikusaidii kitu.

Jamani kupima sio kazi ya injinia. Betri ya volti 12 ina sell sita ndani, yaani vyumba vidogo vya umeme, kila moja inatoa volti 2 na kidogo, ikijaa na ikapumzika masaa machache mita inasoma 12.6 mpaka 12.8 hivi. Ikisoma 12.4 bado unadunda, ikikaa kwenye 12 karibu haina kitu na inataka kuchajiwa, ila kama umeichaji usiku kucha na asubuhi bado inagoma kwenye 10 na nusu hapo kuna sell imekufa na hakuna mtu wa kuifufua, kanunue. Sasa washa injini, panda resi kidogo, pima tena palepale kwenye vichwa vya betri. Inatakiwa ipande ifike 13 na nusu mpaka 14 na nusu. Isipopanda angalia koili ya kwenye injini inayozalisha umeme, angalia regulata inayopunguza umeme huo usizidi kwenye betri, na kabla ya vyote hivyo angalia ile soketi ya waya za regulata maana hiyo inaungua sana, inakuwa nyeusi plastiki imeyeyuka na mtu anaambiwa betri mbovu! Ikipita 15 ndo balaa, regulata imekufa na inaichemsha betri, utasikia harufu ya yai viza unaposhuka, hapo hata ukinunua betri mpya kila mwezi zote zitakwenda na maji. Mita ya kawaida dukani bei yake haifiki hata nusu ya betri, fundi asiyekuwa nayo sijui anatibu nini.

Tuje kwenye kufufua, maana hapa ndo watu wanapigwa. Kwenye betri za kufungua vifuniko kinachopungua kwa kawaida ni maji tu, asidi yenyewe inabaki mle mle. Kwahiyo unaongeza maji yale safi ya betri yasiyo na chumvi, sio ya bomba wala ya kunywa ya chupa kama Kilimanjaro, mpaka mstari wa juu basi. Lakini nenda kijiwe chochote cha mafundi uone, jamaa anamimina asidi! Anasema anaiongezea nguvu. Ni kama kumpa mgonjwa gongo, atainuka acheze kidogo afu mzike, kwa sababu asidi ikizidi ukali inakula zile sahani za ndani, betri inapiga stata vizuri siku chache na fundi anaonekana mganga. Wengine wanatumbukiza aspirini, wengine magadi. Magadi yana kazi yake bwana, yachanganye na maji usafishe ule unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa, ndani ya betri hayaingii hata chembe. Na hizi betri zilizozibwa zisizo na vifuniko usikubali mtu azitoboe kwa bisibisi, hazikutengenezwa kuongezwa kitu.

Kuna ambazo kweli zinaamka, hasa pikipiki iliyolala ndani mwezi mzima na alamu yake inakula moto taratibu. Dawa yake ni chaji ndogo kwa muda mrefu. Betri nyingi zetu zimeandikwa Ah 5 mpaka 9, yaani ampia-saa, kipimo cha umeme inaoweza kubeba, chaji yake inatakiwa iwe kama sehemu moja ya kumi, yaani ya 5 unaipa nusu ampia na unaenda kulala. Sasa fundi anakuunganishia chaja ya malori, nusu saa anakwambia tayari, ukiishika ya moto kama chapati. Ikilala muda mrefu bila moto sahani zinaganda unga mgumu mweupe na huo ukishakomaa hautoki kwa chaja yoyote, ndo maana nawaambia vijana mkisafiri chomoeni waya, hasi kwanza ndo chanya, ukirudisha anza chanya malizia hasi.

Wauza spea sasa. Betri nyingi mnapewa kavu na chupa za asidi pembeni, maelekezo yapo kwenye boksi kabisa, jaza, acha kama nusu saa inywe, afu ichaji polepole kabla ya kuifunga. Nyie mnajaza mteja amesimama anawaangalia, dakika mbili mnampa, hela mfukoni. Betri hiyo inaanza maisha haijajaa, na ile mipira midogo ya kupumulia mnaisahau au fundi anaikunja chini ya siti, asidi inadondokea mnyororo. Halafu waranti mnaandika "haina waranti ikishajazwa asidi", sasa si nyie mliojaza?

Madereva wenzangu na sisi tupunguze, redio kubwa, taa za urembo mbele nyuma na tumboni, simu ya abiria inachaji, koili ya pikipiki ya cc 125 haikuundwa kubeba disko.

La betri chakavu nalisema kwa kifupi tu. Asidi inamwagwa mtaroni ili mnunua vyuma aipokee kavu, watoto wanacheza palepale. Mle ndani kuna madini ya risasi ambayo ni sumu, na majirani zetu wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri karibu na nyumba zao, mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Ombi langu kwako Mhariri, muwatume waandishi wenu waende kwa TBS, shirika la viwango, wakaulize kama inawezekana kila betri ya pikipiki iwe na tarehe ya kutengenezwa inayosomeka na mtu wa kawaida, sio zile namba za mafumbo zilizogongwa pembeni. Na kwa wenye maduka, wekeni mita moja kaunta na chaja moja ndogo, mteja akija mwambieni awashe pikipiki mpime kwanza, mkikuta ni regulata muuzieni regulata, hela yenu si iko palepale?

Dereva bodaboda,
Kihonda, Morogoro