Risala ya Kikundi cha Wapagazi, Wapishi na Waongoza Watalii wa Marangu kwa Mgeni Rasmi, Novemba 2021

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Moshi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu, wanachama, mabibi na mabwana,

Karibu Marangu katika mkutano wetu mkuu wa mwaka. Tunashukuru umekuja siku ya kazi, tena na utelezi huu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi hiki kilianza kama VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha wagumu, ndivyo tunavyoitana sisi wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Baadaye tukapokea wapishi na waongoza watalii. Hisa zilinunuliwa kila mtu aliposhuka na ujira wake na tipu. Wageni walipoacha kuja, na kikundi kikasimama.

Aprili 2020, kwa sababu ya UVIKO-19 (korona), ndege za kimataifa zilisitishwa nchini. Mei 18 anga likafunguliwa, tukashangilia, kumbe nchi wanakotoka wageni wetu bado zimejifungia. Takwimu za Serikali zinaonyesha watalii wa nje walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakashuka hadi 620,867 mwaka 2020. Sisi tuliliona kwenye geti la hifadhi ya mlima. Julai na Agosti, miezi ambayo mgumu hushuka leo na kesho akapanda tena, vijana walikuwa shambani wanapalilia migomba.

Shamba lilitulisha, hilo hatuwezi kulikana. Kilichotutoka ni vifaa. Ada ya mtoto ilipodaiwa, mtu aliuza buti. Baadaye likafuata koti la baridi, kisha begi la kulalia. Mpagazi asiye na buti wala koti hapandi, hata wageni wakijaa getini kesho asubuhi. Waongoza watalii nao, baadhi walishindwa kulipia vibali, wakaenda kuendesha bodaboda Himo. Hoteli iliyofungwa hufunguliwa kwa ufunguo. Lakini kiongozi anayemtambua mgeni aliyeanza kuzidiwa na kimo cha mlima, akamshusha usiku uleule, hupatikana baada ya miaka ya kupanda na kushuka.

Kwa hiyo mwaka jana tulikubaliana mambo mawili. Riba ya mikopo ilisimama, mkopaji akarudisha alichochukua tu, kidogo kidogo. Pia mfuko wa jamii wa kikundi ulianza kununua vifaa vya wanachama waliokuwa wanataka kuviuza. Viliwekwa stoo, na mwenyewe anaruhusiwa kukomboa chake kwa bei ileile.

Stoo hiyo ndiyo iliyotufundisha kuhusu mgeni wa ndani. Tulizoea kusema Watanzania hawapendi kupanda mlima. Si kweli. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya anachotozwa mgeni wa nje. Kinachomzuia mwalimu wa Mwanza au mwanafunzi wa Dodoma ni koti, buti na begi la kulalia, vitu ambavyo hana na hana sababu ya kununua kwa safari moja. Tulipoanza kukodisha kwa bei nafuu, walikuja. Wengi huishia kituo cha Mandara na kreta ya Maundi (shimo la volkano) iliyo jirani, wakishuka wanapitia maporomoko ya Kinukamori na kunywa kahawa. Tuseme ukweli, fedha yao haifikii ya mgeni anayekwenda kileleni na wagumu watatu au wanne. Lakini inamweka mtu kazini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ina kikomo cha umri kwa vijana. Mwanaume aliyevuka umri huo, aliyebeba mizigo ujana wake wote, hana dirisha. Tunaomba utusaidie kulifikisha hili panapohusika. Vilevile, katika shilingi trilioni 1.3 za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, utalii ni miongoni mwa sekta zilizotajwa. Barabara za hifadhini tunazihitaji, ila tungefurahi sehemu ikalipia vibali vya waongoza watalii waliokwama na mafunzo yao ya huduma ya kwanza. Na mikataba ya maandishi kwa wapagazi, pamoja na michango ya hifadhi ya jamii, tunaomba isimamiwe sasa wakati wageni wameanza kurudi, kwa sababu kampuni isiyo na mgeni haina cha kuchangia.

Desemba 9 nchi yetu inatimiza miaka 60 ya Uhuru, na wapandaji wengi siku hiyo ni Watanzania. Tunaomba shule na ofisi za wilaya zipange safari zao pia katika miezi mingine, hasa wageni wa nje wanapopungua.

Baada ya kusema hayo, tunakuomba ukate utepe wa stoo mpya, kisha uzungumze na wanachama. Buti za saizi yako zimo, Mheshimiwa, na hatutakutoza.

Asante kwa kutusikiliza.