Wimbo wetu wa maji: mazoezi Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu. Kwa wale wanaouliza kwa nini tuyaimbe malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa badala ya kuitisha semina: mwaka 2015, nchi zilipopitisha malengo 17 ya kufikiwa ifikapo 2030, Diamond Platnumz, Sauti Sol, Yemi Alade na wenzao waliyaimba kwenye wimbo "Tell Everybody". Kijana hasomi ripoti, lakini wimbo atausikia tu, hata kwenye daladala.

Ila sisi tusibebe yote 17, tutawachosha watu. Tumeshakubaliana ni lengo namba 6, maji safi na vyoo. Ubeti wa pili bado ni kama hotuba ya diwani. "Upatikanaji endelevu" haichezeki, jamani! Tuweke foleni ya ndoo bombani, mama kaamka saa kumi alfajiri na maji hayajatoka.

Mdundo unabaki singeli, ila kwenye kiitikio tupunguze kasi, maneno yasimezwe.

Jumamosi saa tisa alasiri, uwanja uleule. Mwenye spika aje nayo ikiwa na chaji. Waitikiaji msichelewe, na mwenye udhuru aseme hapahapa mapema.