Vipimo kwanza, sweta baadaye

Habari zenu wapendwa. Naona wengi mmeshanunua uzi wa kufuma sweta za familia na mikono inawawasha kuanza. Subirini kidogo.

Fumeni kwanza kipande cha majaribio, sentimita 15 kwa 15. Kifueni, kikauke, ndipo mhesabu vitanzi vya sentimita 10 za katikati, maana pembeni hudanganya. Ukipata vitanzi 20, basi vitanzi 200 vinakupa mzunguko wa sentimita 100. Mkono ukikaza ukapata 22, vitanzi vilevile 200 vinatoa kama 91 tu, na baba haingii humo! Chukua sindano nene zaidi, ujaribu tena.

Kifuani ongezeni sentimita 5 hadi 10 juu ya kipimo cha mwili. Kwa yule asiyependa kupimwa (kila familia ina wake), chukueni sweta yake inayomkaa vizuri, itandazeni mezani, pimeni kwapa hadi kwapa, zidisheni mara mbili. Hapo msiongeze kitu, nafasi imo tayari. Watoto warefushieni mikono, ikunjwe kwanza.

Leteni vipimo vyenu hapa kabla ya kuanza, tuvikague pamoja.