Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeanza Kihispania

Mpwa wangu,

Visa imetoka, tiketi ya Madrid unayo, na ulichoniomba ni orodha ya maneno ya Kihispania ya kuhifadhi kabla ya safari. Orodha sikutumii. Mtu anaweza kukariri maneno 200 ya baba, mama, mkate na maji, kisha akashindwa kuomba glasi ya maji, maana kila neno amelihifadhi peke yake bila kitenzi cha kulibeba. Nakutumia sentensi chache, na maneno ya watu na mahitaji ya kila siku utayapachika humo mwenyewe. Bahati yako ni kwamba nyingi kati ya sentensi hizo zimejengwa kama za kwetu.

Anza na “tengo”, yaani nina. Sisi husema nina njaa, nao husema “tengo hambre”. Nina kiu ni “tengo sed”, nina usingizi “tengo sueño”, nina haraka “tengo prisa”. Umri ni vivyo hivyo: nina miaka 23, “tengo veintitrés años”. Wanaokosea hapa ni wale wanaopitia Kiingereza kwanza, wakasema “soy veintitrés”, mimi ni 23. Wewe toka Kiswahili moja kwa moja. Baridi na joto tu ndivyo vinavyotofautiana: sisi twasikia baridi, wao wana baridi, “tengo frío”. Joto ni “tengo calor”. Usije ukasema “estoy caliente” kwa sababu jua limekuchoma. Hayo ni maneno ya chumbani.

Ukiongeza “que” unapata lazima: “tengo que ir”, sina budi kwenda, “tengo que comprar pan”, lazima ninunue mkate. Nahitaji ni “necesito”, nayo hufuatwa na jina la kitu au kitenzi kisichobeba nafsi wala wakati: “necesito agua”, nahitaji maji, “necesito dormir”, nahitaji kulala. Naweza ni “puedo”, nataka ni “quiero”. Kuna ni “hay”, ambayo haibadiliki kwa umoja wala wingi. Hapa angalia: kama hujui kitu kipo au hakipo, uliza kwa hay, “¿hay una farmacia por aquí?”, kuna duka la dawa karibu na hapa? Kama unajua kipo ila hujui kiliko, uliza kwa está, “¿dónde está el baño?”, choo kiko wapi?

Nafsi usiitaje kila mara. Sisi tunaiweka mwanzoni mwa kitenzi, ni-, u-, a-. Wao wanaiweka mwishoni: “hablo” nasema, “hablas” unasema, “habla” anasema. Anayetanguliza “yo, yo, yo” katika kila sentensi anasikika kama mtu anayebishana.

“Ni” ya Kiswahili ndiyo itakayokusumbua, kwa sababu wao wana vitenzi viwili. “Ser” husema mtu ni nani, ni wa wapi, ana kazi gani: “soy tanzana”, mimi ni Mtanzania, “soy enfermera”, mimi ni muuguzi. “Estar” husema mtu yuko wapi na yuko katika hali gani: “estoy en casa”, niko nyumbani, “estoy cansada”, nimechoka. Kipimo chako kiwe hiki: ukiweza kusema yuko, niko, wako, tumia estar. Kitakusaidia mara nyingi, si mara zote, hasa penye maneno yanayobadilika maana. “Es aburrida” ni mtu anayechosha wenzake. “Está aburrida” ni mtu aliyechoka kwa kukosa la kufanya.

Umeona nimeandika cansada, si cansado. Wewe ni mwanamke, kwa hiyo sifa zako nyingi zitaishia na -a, na wingi -as. Upatanisho haupaswi kumtisha mtu aliyekulia kwenye ngeli. Tunasema watoto warefu, viti virefu. Wao wanasema “niñas altas”, wasichana warefu, “niños altos”, wavulana warefu. Wana makundi mawili tu, la kiume na la kike. Lakini usihifadhi jina la kitu bila “el” (ya kiume) au “la” (ya kike) yake, kwa sababu mwisho wa neno hudanganya: “la mano” (mkono) ni ya kike, “el día” na “el problema” ni za kiume. Maji huitwa “el agua”, lakini ni ya kike, ndiyo maana maji baridi ni “el agua fría”.

Sasa ukoo, na hapa nenda polepole kwa sababu utaulizwa ofisini. “Padre” ni baba, “madre” mama, “padres” wazazi. “Parientes” ni jamaa wa ukoo, si wazazi, ingawa Kiingereza kitakushawishi. “Hijo” na “hija” ni watoto wako, “niño” na “niña” ni mtoto yeyote. Wakichanganyika wa kike na wa kiume, wingi huwa wa kiume, kwa hiyo anayekuuliza “¿cuántos hermanos tienes?” anataka hesabu ya kaka na dada wote.

Kihispania hakitofautishi upande wa baba na wa mama. Baba mkubwa, baba mdogo na mjomba wote ni “tío”. Shangazi, mama mkubwa na mama mdogo wote ni “tía”. Mtoto wa baba mdogo, ambaye kwetu ni ndugu yako kabisa, kwao ni “primo” au “prima”. Kwenye maongezi hakuna atakayekuuliza zaidi, na ukitaka kufafanua utasema “mi tío por parte de madre”, tío wa upande wa mama. Kwenye fomu ni jambo jingine. “Hermano” ni mtu mnayechangia mzazi, na ukimwandika binamu kuwa hermano, vyeti vya kuzaliwa vitakukanusha na karani ataanza kutilia shaka hata yale uliyoandika kwa usahihi. Shemeji na wifi ni “cuñado” au “cuñada”, mama mkwe ni “suegra”. Wewe kwangu ni “mi sobrina”. Kijana wa Madrid akimwita mwenzake “tío”, hamaanishi mjomba. Anasema jamaa, wewe.

Fomu hiyo hiyo ina mtego wa majina. Mhispania ana jina lake, “nombre”, kisha majina mawili ya ukoo, ambayo kwa desturi ni moja la baba na moja la mama: “primer apellido” na “segundo apellido”. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Karani akiona majina matatu huenda akaweka la baba kama apellido la kwanza na la babu kama la pili, na ofisi nyingine ikafanya vingine; mwishowe benki na hospitali zinakuona watu wawili. Fuata pasipoti yako kama ilivyo, kila mahali. Sehemu ya “apellidos” andika kile tu kilicho kwenye sehemu ya jina la ukoo, na sehemu ya apellido la pili iache wazi kama pasipoti haina. Wakati wa kusaini soma upya herufi kwa herufi.

Matamshi hayatakupa taabu kubwa. Irabu ni zetu tano, na neno linaloishia kwa irabu, n au s hupata mkazo pale pale tunapouweka sisi, silabi ya pili kutoka mwisho. Alama juu ya irabu inakuambia mkazo umehama: “papa” ni kiazi katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini, “papá” ni baba. H haitamkwi. J ni kh ya kheri. Ñ ni ny ya nyumba, na usiiache, kwa sababu “año” ni mwaka na “ano” ni sehemu ya siri ya nyuma; kosa hilo hutokea mtu anapotaja umri wake. Z ya Madrid, na c mbele ya e au i, ni th ya thelathini. Amerika ya Kilatini yote ni s. V na b ni sauti moja. Kinachohitaji mazoezi ni l, r na rr: “pelo” nywele, “pero” lakini, “perro” mbwa. Kama kwenu nyumbani l na r hubadilishana, rudia haya matatu kwa sauti kila asubuhi hadi sikio likubali.

Sokoni hakuna foleni ya kuona kwa macho. Ukifika kaunta uliza “¿quién es el último?”, wa mwisho ni nani? Atakayejibu “yo”, mimi, ndiye unayemfuata. Atakayekuja baadaye akiuliza, wewe ndiye wa kujibu “yo”. Ukinyamaza umepoteza zamu. Muuzaji akisema “¿qué le pongo?” (nikuwekee nini?), jibu “¿me pone medio kilo de tomates, por favor?” (niwekee nusu kilo ya nyanya, tafadhali). Robo kilo ni “un cuarto de kilo”, mkate mrefu “una barra de pan”, nusu dazeni ya mayai “media docena de huevos”. Ataendelea “¿algo más?” (kingine?) hadi useme “nada más, gracias” (basi, asante). Ndizi za kupika ni “plátano macho”. “Plátano” peke yake ni ndizi mbivu. Maharage Madrid ni “judías”, Mexico ni “frijoles”. Wanawake wa sokoni watakuita “guapa” (mrembo) au “cariño” (mpenzi). Ni ukarimu wa kawaida.

Kwa kuwa huli nguruwe, usiishie kuuliza “¿lleva cerdo?” (kina nguruwe?) Dengu na maharage hupikwa mara nyingi na vipande vya nyama yake, kwa hiyo taja kwa majina: “¿lleva jamón, chorizo o tocino?” (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, soseji yake au mafuta yake) Na kwenye pakiti za biskuti tafuta neno “manteca”. Hispania hiyo huwa ni mafuta ya nguruwe, ilhali siagi ni “mantequilla”. Argentina manteca ndiyo siagi, kwa hiyo kamusi haitakutosha.

Saa, mwanangu, zihesabu upya. Wao huanzia usiku wa manane kama saa za simu. “A las nueve de la mañana” ni saa tatu asubuhi, “a las dos de la tarde” ni saa nane mchana. Unapoandikiwa “cita”, yaani miadi ya ofisi au ya daktari, iandike papo hapo kwa tarakimu kama ilivyo, 9:30, usiitafsiri kichwani ukiwa kaunta. “Mañana” ni kesho na pia ni asubuhi. Kesho asubuhi ni “mañana por la mañana”. Namba zinazochanganya masikio ni “sesenta” 60 na “setenta” 70. Omba “¿me lo puede escribir?”, unaweza kuniandikia?

Kwa daktari Kiswahili kinakusaidia tena. Kichwa kinaniuma: “me duele la cabeza”. Kinachouma ndicho mtendaji, kama kwetu, na wingi hubadilisha kitenzi: “me duelen los pies”, miguu inaniuma. Usiseme kichwa changu, “la” inatosha. Homa ni “fiebre”, kikohozi “tos”, kizunguzungu “estoy mareada”. Maneno mawili yatakuponza. “Estoy constipada” huko maana yake nina mafua. Kufunga choo ni “estoy estreñida”. Na “embarazada” ni mjamzito. Ukitaka kusema umeona aibu ni “me da vergüenza”. Dawa isiyouzwa bila cheti cha daktari utaambiwa “necesita receta”. Dharura piga 112, useme “necesito una ambulancia”, kisha mtaa na namba ya nyumba: “estoy en la calle…, número…”.

Heshima: hawana shikamoo. Wana “usted”, yaani wewe ya heshima, ambayo huchukua kitenzi cha yeye: “¿puede ayudarme?” (unaweza kunisaidia?) badala ya “¿puedes ayudarme?” Madrid watu hukimbilia “tú”, wewe ya kawaida, upesi sana, lakini wewe anza na usted kwa wazee, madaktari na maofisa, hadi wao wakuambie “tutéame”, niite tú. Mzee mwite “señor” au “señora”, na ukimzungumzia sema “una persona mayor”. “Viejo” (mzee) inakwaruza.

Kwa wiki zilizobaki chukua maneno kumi kwa siku, si zaidi, kila moja ndani ya sentensi ya tengo, necesito, hay, estoy au me duele, na useme kwa sauti. Ya leo yarudie kesho, keshokutwa, kisha baada ya juma moja. Nitumie sauti zako za rr jioni, nitakusikiliza.

Shangazi yako